Umeme wa kuchagua Houston

Jamani, Houston, Texas, umeme unauchagua kama bando la simu! Tangu Januari 2002 kampuni zinagombania wateja, ila nguzo na nyaya ni za CenterPoint, kwa hiyo ukihama kampuni hata taa haipepesi. Kazi ipo kwenye karatasi ya bei: ukitumia uniti 500, 1,000 au 2,000 kwa mwezi, kila kiwango na bei yake. Mkataba wangu wa zamani ulitoa punguzo ukifikisha 1,000. Novemba AC imezimwa, nimetumia 960, punguzo likayeyuka na bili ikapanda. Nimehamia wa bei moja mwaka mzima. Ile mikataba ya kufuata bei ya jumla ya soko la umeme, iliyokuwepo hadi 2021, sitaki hata kuisikia. Februari 2021 bei hiyo ilifika dola 9 kwa uniti. Wa Dallas, nyie mnalipaje?