Mirija ya hewa ya inzi na seli zinazogombania mbele

Jamani leo kichwa changu kimejaa inzi wa matunda, na sio mambo ya kumfukuza, ni vile anavyojijengea mirija ya hewa akiwa bado kiinitete ndani ya yai. Mdudu hana mapafu, na wengi wao damu haiwabebei oksijeni, kwa hiyo hewa inaingia vitundu vya ubavuni inapita kwenye mirija inayogawanyika weee mpaka inafika kwenye misuli yenyewe. Sasa nani anaiambia mirija ipite wapi?

Inaanza na vifuko 10 kila upande, kila kimoja seli 80 hivi, halafu cha ajabu hazigawanyiki tena, zinahama tu, zinajinyoosha na kujipanga upya mpaka mtandao mzima unatokea. Kinachoziita ni protini ya Branchless, ya ukoo wa FGF, yaani protini za ishara za ukuaji, ambao hata sisi binadamu tunao. Vikundi vidogo vya seli vilivyo jirani na kifuko vinaitoa, na seli za mrija zinainasa kwa kipokezi kinaitwa Breathless. Mwaka 1996 kina mtafiti Mark Krasnow wa Chuo Kikuu cha Stanford walionesha kwamba ukiiwasha Branchless mahali pasipo pake, matawi yanaifuata huko huko!

Ila kilichonimaliza kabisa ni hili la nani anaongoza. Mi nilidhani kuna seli imeteuliwa mapema, kumbe zinashindana, inayopokea ishara kwa nguvu zaidi ndo inakaa mbele na kutoa vijinyuzi vya kupapasa njia, afu kupitia Notch, njia ya seli jirani kupeana ishara, inazizuia zilizo jirani zisiwe viongozi nazo, basi zinafuata nyuma na kutengeneza shina la tawi. Seli yenye kipokezi hafifu ukiichanganya na nzima, mbele haifiki, inabaki shinani, lakini haitupwi, inafanya kazi kama kawaida. Hapo nilisimama kidogo nikawaza, maana mfumo hauna mkubwa wala ramani na bado tawi linafika.

Seli za tawi zikishafika pale zilipoitwa, Branchless ya hapo inazimwa. Kwa kiinitete sehemu za kuitoa zimepangwa tayari, ila akishakuwa buu mambo yanabadilika, tishu yenyewe ikikosa oksijeni ndo inatoa Branchless, na seli za mwisho za mirija zinachipuza vitawi vyembamba kuelekea huko. Mi hii ya pili ndo naipenda zaidi, maana mwenye njaa ndo anayeita.