Kitabu cha yule mtoto mtundu

Nilikificha kitabu hicho juu ya kabati. Binti yangu wa miaka mitano alikuwa ameokota humo neno "sitaki", na kwa siku tatu mfululizo kila nilichomwambia kilijibiwa hivyo, mkono kiunoni. Nikamlaumu mwandishi.

Baadaye nikagundua kwamba ule mkono kiunoni ni wangu. Kitabuni alikopa neno tu.

Nimesoma kuhusu jaribio la mwanasaikolojia Kang Lee na wenzake, lililochapishwa mwaka 2014. Watoto wa miaka 3 hadi 7 walikatazwa kuchungulia kitu cha kuchezea, wakaachwa peke yao, kisha wakasomewa hadithi na kuulizwa kama walichungulia. Hadithi ya mvulana mwongo na mbwa mwitu, inayoishia pabaya, haikupunguza uongo wao. Ile ya rais wa kwanza wa Marekani, George Washington, alipokuwa mdogo, aliyekiri kuukata mti wa baba yake akasifiwa, ilipunguza. (Na kisa chenyewe cha mti ni cha kubuni! Nilicheka peke yangu.)

Mimi nilikuwa nikisubiri mtundu aadhibiwe ukurasa wa mwisho, nikidhani hapo ndipo penye dawa.

Nimekishusha kitabu. Juzi, tulipofika pale mtundu anapomwaga rangi kitandani, binti yangu alinitazama kwa jicho la pembeni. "Mama, huyu hana adabu kabisa."

Kisha akaniomba niusome ukurasa huohuo tena. Mara nne. Rangi zetu bado ziko kwenye droo, ila nimeanza kuzihesabu.