Ukucha Ulipokwama

Jumapili mwanangu alikuta kile kipande cha chuma kwenye droo ya Mzee. "Baba, hiki cha nini?" Nikakipokea, nikakinusa kabla ya kujibu. Oili ya giaboksi, EP90, ina harufu ya kiberiti ambayo pua yangu haijaisahau.

Ni flenji ya Landrova 109, ile ya bluu. Lushoto, mwaka 1994. Hendibreki ya gari lile haikamati magurudumu. Nyuma ya transfa, ile giaboksi ya pili, ina ngoma yake inayoshika propela, ule mhimili mrefu unaozungusha magurudumu na unaofungwa kwenye flenji hii. Sili ya hapo, ile ringi ya mpira inayozuia oili, ikivuja, oili huilowesha hendibreki ndani ya ngoma, na milima yetu mnaijua.

Fundi alibadilisha sili mara mbili. Hata tundu la kupumulia alilizibua, maana likiziba, joto hutanua hewa ndani na kuisukuma oili nje. Wiki haikuisha, ikavuja tena. Siku ya gulio gari likarudi nyuma lenyewe na magunia ya viazi, likazuiwa na ukingo. Mzee akamfokea fundi mbele za watu kwamba anaweka sili bandia. Yule bwana akafunga spana zake kwenye tambara, akaondoka bila kudai hela ya ufundi.

Jumamosi Mzee akaingia uvunguni mwenyewe, mimi nimeshika tochi. Akashusha propela, akatoa ngoma, akachomoa pini ya nati kubwa, akaivuta flenji. Akaiosha kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa. Kisha akapitisha ukucha wa kidole gumba pale unapokaa mdomo wa sili. Akatulia. Akapitisha tena. Akanishika mkono, akauongoza ukucha wangu taratibu, nao ukakwama. Palikuwa na mfereji mwembamba kama uzi, uliochimbwa na sili za miaka yote ile. Sili yoyote mpya ingekaa juu ya mfereji huo huo, na oili ingepita chini yake, hata kama sili ni halisi.

Mzee hakusema neno. Alikaa chini ya mparachichi, flenji mapajani, mpaka kuku wakapanda kulala.

Flenji nyingine ilipatikana Tanga, kuvuja kukakoma. Fundi tulisikia amehamia Korogwe. Hii ya zamani Mzee aliitunza hadi mwisho. Labda alikusudia kumpelekea. Sikumuuliza, na nilikuwa na miaka mingi ya kumuuliza.

Mwanangu alipitisha ukucha wake. "Baba, unakwama hapa."

Nikamwambia apitishe tena.