Colnago na Pinarello katika barabara ya Magu

Rafiki yangu wa Capri Point, Mwanza, ameniruhusu kuendesha baiskeli zake mbili za Kiitaliano, Colnago C64 na Pinarello Dogma F10, kutoka Kisesa kuelekea Magu. Zote ni za kaboni, na ili ulinganisho uwe wa haki tulizifunga tairi za aina moja zenye upana wa milimita 25 na kuzijaza upepo sawasawa, kwa kuwa ulaini ambao watu husifia fremu mara nyingi hutoka kwenye tairi.

Pinarello, ambayo Chris Froome aliitumia kushinda mbio za baiskeli za Tour de France za 2017, ina fremu ambayo upande wake wa kulia haufanani na wa kushoto, kwa sababu mnyororo huvuta upande mmoja tu. Ukisimama kwenye pedali kupanda mlima, huitikia papo hapo. Lakini kila tuta la barabarani hulisikia hadi mabegani.

Colnago imeundwa kwa mabomba ya kaboni yaliyounganishwa kwa viungio, mtindo wa mafundi wa zamani wa chuma, ilhali fremu nyingi za siku hizi hufinyangwa katika vipande vikubwa. Kwenye mteremko, hata upepo wa ziwa ukivuma kwa ubavu, inashika njia yake bila kuyumba, na rangi yake, niseme ukweli, ni nzuri kupita kiasi. Mimi ningechukua Colnago, ingawa bei ya fremu tupu inazidi ya pikipiki mpya.