Kitufe cha "Hapana" kimeenda wapi?

Jana usiku nilikuwa natafuta picha moja tu ya zamani kwenye simu, kazi ya sekunde kumi, mara likaibuka boksi likafunika skrini nzima: "Kutana na msaidizi wako mpya!" Chini yake vitufe viwili. Kimoja kikubwa cha bluu kimeandikwa "Anza sasa", kingine kidogo cha kijivu mpaka nikakaza macho ndio nikasoma, "Labda baadaye". Basi, vimeishia hapo. Hapana haipo. Nikabonyeza labda baadaye kama ninavyobonyeza karibu kila wiki, likaondoka, na najua litarudi na uchangamfu uleule kama vile hatujawahi kuonana.

Msaidizi mwenyewe ni AI, yaani akili mnemba. Tuelewane, mimi siichukii AI. Naitumia, tena sana, nikikwama kwenye barua rasmi au fomula za Excel naiendea mwenyewe kwa miguu yangu. Shida yangu ni hii nyingine ambayo haijaitwa na mtu, imeingia ndani bila hodi, unatafuta kitu inajibu yenyewe kabla ya kurasa ulizozitaka, unafungua barua pepe inataka ikufupishie meseji ya mistari miwili (mistari miwili jamani!). Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ana zaidi ya mwaka ndani na jembe bado nimeshika mimi.

Na ukiuliza inaondolewaje unaambiwa maneno ya ajabu. Mwaka 2025 lile duara la Meta AI, msaidizi wa AI wa kampuni ya Meta inayomiliki WhatsApp, lilipoingia WhatsApp kule Ulaya watu wakalalamika kwamba haliondoki, WhatsApp wakajibu eti ni hiari kabisa. Hiari! Yaani kitu nakiona kila nikifungua chati, siwezi kukitoa, ila ni hiari kwa sababu sijalazimishwa kukigusa. Microsoft nao, Mei 2024 walitangaza kitu kinaitwa Recall, kompyuta inapiga skrinshoti ya unachofanya kila baada ya sekunde chache ili baadaye uweze kutafuta ulichokiona, na mpango ulikuwa kije kikiwa kimeshawashwa. Wataalamu wa usalama wakapiga kelele, na ndani ya wiki chache tu Microsoft wakatangaza kitakuja kimezimwa, anayetaka awashe. Kumbe kuuliza kunawezekana! Ila mpaka wapigiwe kelele.

Halafu njoo kwenye hela, hapo ndipo damu inachemka. Huko Australia kifurushi cha Microsoft 365 (Word, Excel na wenzake) cha mtu mmoja kilipandishwa kutoka dola 109 hadi 159 za kwao kwa mwaka baada ya kuwekewa Copilot, msaidizi wa AI wa Microsoft, ndani. Mteja akaambiwa ama ukubali bei mpya ama ujitoe. Oktoba 2025 mamlaka yao ya ushindani na kulinda walaji ikaenda mahakamani, ikidai kulikuwa na mlango wa tatu, kifurushi cha Classic, bila Copilot na kwa bei ya zamani, ila ulikuwa hukioni mpaka uanze safari ya kujitoa. Wateja wanaotajwa humo ni kama milioni 2.7. Yaani hapana ilikuwepo, imefichwa nyuma ya mlango wa kutokea.

Mimi yangu ni ndogo lakini inafanana nayo. Kuna huduma naitumia kuhifadhi picha, sitaitaja, bei ikapanda "kwa sababu ya maboresho", nikaenda kuona maboresho gani, ni huyo msaidizi. Nikasema sawa, nijitoe. Ukurasa wa kujitoa unakupeleka kwa chatiboti, programu inayojibu meseji badala ya mtu. Nikaandika nataka kufuta kifurushi. Akajibu, "Nimekuelewa! Ungependa kujua faida za kifurushi chako?" Hapana. "Samahani kwa usumbufu. Je, unataka kuboresha kifurushi?" Nikaandika naomba niongee na mtu. Akasema anaelewa ninavyojisikia, akanipa linki, nikabonyeza linki, imenirudisha kwake. Nikaanza upya na yeye akaanza upya, "Habari! Naweza kukusaidia nini leo?" Dakika arobaini nimekaa naandika hapana kwa kitu ambacho hakijafundishwa maana yake. Kuna wakati nilimtukana, akaniomba radhi vizuri tu, nikajisikia mjinga.

Na wala AI sio iliyoanzisha mchezo huu. Amazon njia yao ya kujitoa Prime, uanachama wao wa kulipia, wenyewe huko ndani walikuwa wanaiita Iliad, lile shairi la Wagiriki kuhusu vita virefu vya Troya, walijua kabisa wanachofanya, na Septemba 2025 wakakubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi na tume ya biashara ya Marekani. AI imeongeza tu mlinzi mlangoni, halali, hachoki, hana bosi wa kuitiwa.

Akikosea nani anabeba? Air Canada chatiboti wao alimwambia abiria aliyefiwa kwamba anaweza kudai nafuu ya nauli ya msiba baada ya kusafiri, haikuwa kweli, abiria akadai, kampuni ikakataa. Walipofikishwa kwenye baraza la kuamua migogoro huko British Columbia, Kanada, wakajitetea kwamba chatiboti anawajibika kwa matendo yake mwenyewe. Februari 2024 baraza likasema hapana, tovuti ni yenu, lipeni. Nilipoisoma ile nilicheka peke yangu, maana mnaniwekea huyu mtu badala ya kastoma kea, akiharibu mnasema simjui?

Mwishowe nilijitoa kwa kupitia setingi za malipo za simu yenyewe, sio kwao. Ikakubali papo hapo, mibonyezo miwili. Kifurushi kinaisha mwisho wa mwezi, kwa hesabu zangu boksi litakuja kama mara tatu hivi kabla ya hapo, na siku hizi hata silisomi, kidole kinaenda chenyewe kwenye kile cha kijivu.