Nilivyowatenganisha vyura wawili wa bwawa moja

Nikiwa Poland nilipewa kazi ya kutambua vyura wawili wa majini walio ndugu: Pelophylax lessonae na Pelophylax ridibundus. Ukisoma tu unaona rahisi. Lessonae ni mdogo, ni nadra kuzidi sentimita 8; ridibundus hufika hata 15. Ila ridibundus mchanga analingana na lessonae mzima, na wote huwa na kijani, kahawia na mara nyingi mstari mgongoni. Rangi niliiweka kando mapema.

Kilichonisaidia ni unyayo wa nyuma. Unamshika chura kiunoni kwa mkono uliolowa, maana mkono mkavu humwondolea ute wa ngozi, halafu unatazama shina la kidole cha ndani. Pale pana kinundu. Cha lessonae ni kigumu na kimetuna kama nusu sarafu iliyosimamishwa kwa ukingo. Cha ridibundus ni kidogo na kimelala, ukikipapasa unaweza kukipita. Kisha nilikuwa namkunja miguu, mapaja yakae pembe mraba na mwili. Visigino vya lessonae havifikiani, vya ridibundus hupishana, kwa kuwa miundi yake ni mirefu.

Madume wakiimba kazi inakuwa nyepesi. Mifuko ya sauti, mmoja kila upande wa mdomo, ni myeupe kwa lessonae, kijivu kilichokolea kwa ridibundus. Na ridibundus huimba kama anayecheka, husumbui macho.

Shida yenyewe ni chotara wao, esculentus. Visigino vinagusana tu, kinundu cha wastani, mfuko kijivu hafifu. Linnaeus, mwanasayansi Msweden aliyewapa viumbe majina ya kisayansi, aliwaorodhesha kama spishi mwaka 1758, na ni katika miaka ya 1960 ndipo Mpolandi Leszek Berger alipoonyesha kuwa ni machotara. Mara nyingi chotara hawa huitupa jenomu (seti nzima ya jeni) ya lessonae kabla ya kutengeneza mayai au mbegu, wakapitisha ya ridibundus peke yake. Wakizaana na lessonae, wanatoka chotara wengine, hata bwawani kusiwe na ridibundus hata mmoja!

Kwa hiyo fomu yangu ilikuwa na safu tatu. Ambaye vipimo vyake viligongana nilimwandika chotara kwa penseli, nikampangusa mate ya mdomoni kwa pamba, sampuli ikaenda maabara.