Nilivyogawa kwa Mbili

Kipima mapigo changu cha kwanza kilikuwa na uongo wake, nami niliuzoea. Farasi kasimama bandani anatafuna nyasi, moyo unapiga 36 kwa dakika, lakini saa ya mkononi inaniambia 72. Aliyenifundisha mbio za farasi za masafa marefu alinieleza sababu: katika kila pigo umeme wa moyo wa farasi huchora vilima, na kile cha mwisho kikiwa kirefu mno, mashine hukihesabu kama pigo jingine. "Ukiona namba haieleweki," akasema, "igawe kwa mbili." Nikalishika neno hilo kama dua.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya kilomita 80, mizunguko mitatu. Alfajiri nililowesha elektrodi, vile vipande vinavyonasa umeme wa moyo, kwa sifongo, kwa kuwa nywele kavu hazipitishi umeme. Moja nikaipachika chini ya tandiko, ubavu wa kushoto, nyingine ndani ya mshipi wa tumboni, nyuma ya kiwiko. Jasho likishatoka, lenyewe humalizia kazi.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa raha tupu. Kwenye mwendo wa mashindo, ule wa kukimbia taratibu, namba ilicheza 120, kama siku zote, na tulipofika kwa daktari wa mifugo ilishuka chini ya 64, kiwango cha juu kilichoruhusiwa siku ile, kabla sijamaliza kumfungua mshipi.

Katika mzunguko wa pili tulivuka kipande cha mawe. Baada ya hapo njia ilikuwa tambarare, kivuli kizuri, mwendo uleule, na saa ikaandika 142. Nikamsikiliza farasi: hachechemei, masikio mbele, pumzi sawa. Nikamrudisha kwenye mwendo wa kutembea. Saa ikasema 104. Nikagawa kwa mbili, nikapata 52, nikatabasamu. Ile 142 sikuigawa, kwa sababu ningepata 71, na hakuna farasi anayekimbia kwa 71. Leo najiuliza ni hesabu gani ile, inayotumika pale tu inaponifurahisha.

Tulipofika kituoni mwenzangu alimmwagia maji shingoni, akakwangua, akamwagia tena. Saa: 76. "Ni 38," nikamwambia. "Twende tukapimwe."

Hakunijibu. Aliweka stetoskopu nyuma ya kiwiko cha kushoto, akakodolea macho saa yake sekunde 15, midomo ikihesabu. "Kumi na tisa."

Kumi na tisa mara nne. Sihitaji kuandika jibu.

Dakika zikaanza kutukimbia. Tulikuwa na 20 za kumshusha moyo, na saa ya mashindano haisimami mpaka farasi akubaliwe. Maji, kivuli, maji. Ilipofika dakika ya 14 tukapata 60, tukaingia. Daktari alipima, akakubali 60, kisha akaniagiza nimkimbize kama mita 40, kwenda na kurudi. Kipimo hiki ni cha ujanja: dakika moja tangu uanze kukimbia, moyo hupimwa tena, na farasi mzima hurudi palepale alipokuwa au chini yake. Wangu alirudi na 72.

"Kuna kitu kinamuuma," daktari akasema.

"Lakini hachechemei, Daktari."

"Bado."

Aliinua mguu wa mbele wa kushoto, akaubana ukwato kwa koleo, taratibu, akiuzunguka. Alipofika karibu na ncha ya kiatu, farasi akauvuta mguu wote. Wayo ulikuwa umechubuka, bila shaka kwenye yale mawe. Tukatolewa. Kilomita zisizopungua 10 nilikuwa nimempanda akiwa na maumivu, naye alinieleza kwa njia pekee aliyokuwa nayo.

Jioni, ukwato ukiwa ndani ya ndoo ya maji baridi, nilishikilia elektrodi kifuani pake kwa mkono. Saa ikaandika 48. Nikachukua stetoskopu, nikahesabu sekunde 60 nzima, bila kuzidisha wala kugawa. 48.